Mazoezi ya nguvu na kasi kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 17: mipaka iko wapi?

Mwalimu wa Michezo (Morogoro)

Habari zenu wanamichezo. Ninafundisha shule ya sekondari mkoani Morogoro, na pamoja na vipindi vyangu vya darasani nimekabidhiwa timu ya riadha inayojiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Wanafunzi nilio nao ni wa kidato cha kwanza hadi cha nne, wenye umri wa kati ya miaka 13 na 17. Wengi wao wanakimbia mita 100, 200 na 400, na wachache wanaruka chini.

Programu niliyoikuta ni hii. Saa 12 asubuhi wanafunzi wote wa bweni hukimbia mchakamchaka kwenye barabara ya lami, baadhi yao pekupeku. Saa 10 jioni wanariadha hupanda mbio kilima kilicho nyuma ya shule na kushuka mbio, kisha huruka kichurachura kuzunguka kiwanja, na mwisho hupiga pushapu hadi mikono igome. Programu hiyo hufuatwa siku 6 kwa wiki. Hivi karibuni mwanafunzi wetu wa zamani ametuletea vyuma alivyovitengeneza mwenyewe kwa bomba la chuma na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mengine ya lita 4 na mengine ndoo za lita 20, na wavulana wameanza kushindana nani ataweza kuviinua vile vikubwa hadi juu ya kichwa.

Yapo mambo mawili yaliyonisukuma kuuliza. Mzazi mmoja amekuja shuleni kulalamika kwamba vyuma vitamdumaza mtoto wake, na sikuwa na jibu la kitaalamu la kumpa. Pia nina mvulana wa kidato cha pili aliyerefuka sana tangu likizo ndefu, ambaye sasa ana nundu inayouma chini kidogo ya kilegesambwa cha goti la kulia, na akimaliza kichurachura huchechemea. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni mazoezi gani ya nguvu yanafaa kwa umri huu, kasi hujengwaje bila kuwaumiza, na mtoto huyu nimfanyeje.

Fizio wa Mwanza

Mwalimu, pole na majukumu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na vijana wa aina hii ninawapokea kila wiki.

Nianze na hofu ya mzazi. Mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayamdumazi mtoto. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kililipitia upya suala hili mwaka 2020, na msimamo wake ni kwamba mazoezi ya namna hiyo hayaathiri urefu wala sehemu za mifupa zinazokua. Kinachodumaza ni lishe duni na maradhi ya mara kwa mara katika miaka ya mwanzo ya uhai. Hata hivyo hofu hiyo ina chanzo chake. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu ambamo mfupa hurefukia, na tabaka hilo hufunga na kuwa mfupa mgumu ujana unapoelekea kwisha. Kijana akiangukiwa na uzito, au akiunyanyua kwa pupa mgongo ukiwa umepinda, sehemu hiyo inaweza kuvunjika, na mvunjiko usiotibiwa vizuri unaweza kweli kuathiri ukuaji wa mfupa ule. Hiyo ni ajali, na ajali huzuilika. Takwimu za vyumba vya dharura vya Marekani zilizochapishwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba kati ya watoto wa miaka 8 hadi 13 walioumia katika mazoezi ya vyuma, karibu theluthi mbili waliumia viganja na nyayo, hasa kwa kuangukiwa au kubanwa. Kwa maoni yangu, ajali za namna hiyo hupungua sana mtu mzima akisimama karibu.

Sasa tuyapigie hesabu makopo yako. Lita moja ya zege ina uzito wa takriban kilo 2.4. Kopo la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10, na ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 48, kwa hiyo bomba lenye ndoo hizo pande zote mbili lina zaidi ya kilo 95 hata kabla hujalipima bomba lenyewe. Huo ni uzito ambao kijana wa miaka 15 anajaribu kuuinua juu ya kichwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wenzake wanamtazama. Ndoo hizo ziondoe leo, na uzifungie stoo. Lile la makopo madogo ni la kilo 20 na ushei. Kijana wa kidato cha nne aliyekwisha kujifunza anaweza kulitumia, ila lina kasoro kwamba huwezi kulipunguza wala kuliongeza kidogo kidogo, na kama zege halikujazwa sawa pande zote, litamvuta upande mmoja.

Badala yake tumia madumu. Dumu la lita 5 lililojaa maji lina kilo 5, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, unaweza kuanza na nusu dumu na kuongeza glasi moja kila anapoumudu uzito alio nao. Sijaona kifaa cha mazoezi kinachomfaa mtoto wa shule zetu kuliko hicho. Mwanafunzi alikumbatie kifuani, achuchumae polepole visigino vikiwa chini na magoti yakielekea kule vidole vya miguu vinakoelekea, kisha asimame. Zoezi la pili ni kuinama kwa kukunja nyonga, matako yakirudi nyuma na mgongo ukiwa umenyooka, kwa sababu hapo ndipo anapojifunza kunyanyua kitu chochote maishani bila kuumia kiuno. Ongeza pushapu, kunyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja, kupanda na kushuka kwenye kizingiti kwa mguu mmoja mmoja, na kujivuta kwa mikono kwenye mtambaa wa panya, mradi goli liwe limechimbiwa ardhini. Goli la kuhamishika hupinduka na limewahi kuua watoto katika nchi nyingi, kwa hiyo hapo sina mzaha.

Kwa misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo hukatika kwa wakimbiaji wa mbio fupi, mwanafunzi apige magoti kwenye nyasi, mwenzake amshike vifundo vya miguu, kisha ajiachie kwenda mbele polepole awezavyo, mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi mabegani, na ajipokee kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zinatosha kwa anayeanza. Wiki ya kwanza watalalamika kuwa mapaja yanauma, nayo ni hali ya kawaida.

Kiasi ni seti 1 hadi 3 za kurudia mara 8 hadi 15, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana. Uzito uongezwe kwa asilimia 5 hadi 10 tu, na ni pale ambapo mwanafunzi anafanya seti zote kwa umbo lilelile kutoka mwanzo hadi mwisho. Habari ya kupiga pushapu hadi mikono igome iache; seti ikome akiwa bado ana uwezo wa kurudia mara 2 zaidi. Elewa pia kwamba kabla ya balehe mtoto huongezeka nguvu hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli, si kwa sababu misuli inanenepa. Akirudia zoezi vibaya huku amechoka, atakuwa anajifunza huo ubaya.

Kuhusu mvulana mwenye nundu, maelezo yako yanafanana sana na tatizo linaloitwa Osgood-Schlatter. Mfupa wa ugoko una kijisehemu cha mbele, chini ya kilegesambwa, ambapo kano ya misuli ya paja hujishikiza. Mtoto anaporefuka haraka, sehemu hiyo huwa bado ni laini, na kila anaporuka, anapochuchumaa au anaposhuka kilima kano huivuta. Si ugonjwa wa hatari na kwa kawaida huisha ukuaji unapofikia mwisho, lakini unaweza kusumbua kwa mwaka mmoja au zaidi ukichokonolewa kila siku. Kichurachura kisimame kwake kabisa, na mbio za kushuka kilima pia. Aendelee na yale yasiyoleta maumivu, aimarishe nyonga na misuli ya nyuma ya paja, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi humpunguzia maumivu. Kigezo ninachowapa wagonjwa wangu ni hiki: maumivu madogo yanayoisha kabla ya kesho yake asubuhi yanavumilika, lakini yanayomfanya achechemee hayavumiliki.

Kuna dalili ambazo hazisubiri. Maumivu yanayomwamsha usiku, uvimbe wa goti zima, homa, au maumivu yanayozidi hata akipumzika yampeleke hospitali akapigwe picha. Goti likiuma bila nundu yoyote, mpime na nyonga, kwa maana kuna tatizo la nyonga la umri huu ambalo mtoto hulisikia gotini. Na mkimbiaji wa miaka 14 hadi 17 akisikia kitu kimekatika nyongani au chini ya tako wakati wa kuanza mbio, usimwambie kwamba ni msuli tu. Katika umri huo kano mara nyingi ni imara kuliko mahali iliposhikilia, na kinachong'oka ni kipande cha mfupa.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulisahau. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Ulizia kwa wazazi kabla ya msimu. Mwenye ugonjwa wenyewe asiingie kwenye mazoezi makali bila kibali cha daktari wake. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, asiye na ugonjwa wenyewe, anaweza kushiriki, ila maji asinyimwe kamwe, ongezeko la mazoezi liwe la taratibu, na akisema miguu imemwishia nguvu, asilazimishwe kumaliza.

Mzee wa Uwanjani

Nimesoma kwa makini na ninamheshimu mtaalamu, lakini naomba nami nisikike. Sisi tuliosoma zamani tuliruka kichurachura asubuhi na jioni, tulikimbia pekupeku, tukabeba maji kichwani kutoka mtoni, na magoti yetu yapo. Vijana wa sasa wakiambiwa wapumzike wanapumzika kweli kweli, na matokeo yake tunayaona kwenye medali. Je, si kweli kwamba ugumu ndio unaomjenga mwanamichezo? Tukianza kuwapimia maji kwa glasi, tutapata wakimbiaji au tutapata wagonjwa?

Fizio wa Mwanza

Mzee wangu, shikamoo. Kubeba maji kichwani kutoka mtoni kulikuwa ni mazoezi mazuri sana ya nguvu, maana ndoo ilikuwa ndogo ulipokuwa mdogo, ikakua nawe, na hakuna aliyekuambia uruke nayo. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitetea.

Kichurachura ni habari nyingine. Kuruka si kubaya. Vijana wanapaswa kuruka kwa sababu mifupa huimarika kwa kupokea mishtuko, na mkimbiaji hawezi kuwa na kasi bila miguu inayorudi juu kama mpira. Shida ni kwamba kuruka kutoka katika kuchuchumaa kwa kina, mara mia au zaidi, mtu akiwa amechoka, kunalielemea goti katika mkunjo wake wa mwisho, na hakumfundishi mkimbiaji chochote, kwa sababu kwenye mita 100 mguu hukaa ardhini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde na goti la mguu huo halikunjwi kiasi hicho hata mara moja. Tena shuleni kichurachura ni adhabu, na adhabu haina hesabu wala mwisho isipokuwa hasira ya mtoaji. Anayeanza apewe miguso 50 hadi 60 ya ardhi kwa kipindi chote: aruke kamba, aruke mbele kwa miguu miwili na kutulia, aruke kwa mguu mmoja kando ya mstari. Afanye hayo kwenye nyasi au udongo laini, na kila anapotua mwalimu asisikie kishindo.

Kuhusu magoti yaliyosalimika, mzee, tunaowaona leo ni wale waliosalimika. Walioishia njiani hawakuitwa wanamichezo, kwa hiyo hatukuwahesabu.

Kocha wa Nakuru

Mwalimu, mtaalamu amelimaliza suala la nguvu, kwa hiyo mimi nitazungumzia kasi, kwa sababu ninaona hapo ndipo programu yako ina pengo kubwa zaidi. Katika yote uliyoyaorodhesha, sijaona hata zoezi moja la kasi. Kuna mbio za asubuhi, kuna kilima, kuna uchovu mwingi, lakini hakuna mahali ambapo mwanafunzi anakimbia kwa kasi yake ya juu akiwa na nguvu zote. Hapa Kenya tuna kosa hilohilo kwa sababu mafanikio ya wakimbiaji wetu wa masafa marefu yametufanya tuamini kwamba kila mwanariadha hutengenezwa kwa kilomita. Kijana anayekimbia amechoka kila siku anajifunza kukimbia polepole kwa ustadi.

Kasi hufunzwa mwanzoni mwa kipindi, mara tu baada ya kupasha misuli, siku mbili kwa wiki zilizoachana kwa angalau saa 48. Kwa wanafunzi wako ningeanza na mita 20 za kuondoka kwa nguvu, mara 4 hadi 6, kisha mita 30 mara 3, basi. Ukijumlisha hata mita 250 hazifiki, na utaona aibu kuwaruhusu waende, lakini waruhusu. Mapumziko yawe dakika moja kwa kila mita 10 walizokimbia, maana yake dakika 2 baada ya mita 20 na dakika 3 baada ya mita 30. Wakati huo watembee na kupiga soga, wasiketi. Usiitegemee sana saa ya mkononi kwenye umbali mfupi hivyo, kwa sababu kidole chako kinaweza kukosea kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, nazo ni nyingi kuliko tofauti unayoitafuta. Tazama umbo. Shingo ikikakamaa, mabega yakipanda masikioni na nyayo zikaanza kupiga kelele, kipindi cha kasi kimekwisha hata kama bado kuna marudio mawili kwenye karatasi yako.

Kilima usikitupe, kwa sababu mbio fupi za kupanda, sekunde 5 hadi 8, humfundisha kijana kuisukuma ardhi bila kufikia kasi inayoweza kuirarua misuli. Ila washuke kwa kutembea. Kushuka mbio ndiko kunakovunja mapaja na kuwafanya waamke wagumu kesho yake. Kama una tairi la kuvuta, liwe dogo kiasi kwamba umbo la kukimbia halibadiliki; kijana anayeinama kama anayesukuma gari lililokwama hafanyi tena mazoezi ya mbio.

Kupasha misuli kuwe kwa dakika 15 hadi 20, na kuwe na mpangilio. FIFA ina programu ya kinga ya majeraha kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, inayojumuisha kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutulia, na kujifunza kuanguka. Katika utafiti uliofanywa Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Ucheki na kuchapishwa mwaka 2018, watoto wa mpira wa miguu walioitumia waliumia kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao. Ilitungwa kwa ajili ya soka, lakini mimi ninaitumia kwa wakimbiaji wadogo na haijanipa sababu ya kuiacha. Kwa wenye miaka 14 na kuendelea ipo nyingine ya aina hiyo.

Pia nunua utepe wa fundi cherehani na uubandike ukutani. Ninawapima wanariadha wangu urefu kila baada ya miezi 3, wakiwa pekupeku. Kwa wastani wasichana hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12 na wavulana karibu na miaka 14, na mtoto aliyekosa lishe huweza kuchelewa, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa hakikuambii alipo. Miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata, na katika kipindi hicho utamwona kijana aliyekuwa na mwendo mzuri akijikwaa ovyo. Nikiona ameongezeka sentimita 2 au zaidi ndani ya miezi hiyo 3, ninampunguzia miruko na mbio za kasi ya juu, ninamwachia mazoezi ya mizani na ya nguvu nyepesi, na ninamweleza kwa nini, la sivyo atadhani ameshuka kiwango na ataacha riadha. Mvulana wako wa kidato cha pili yuko katika kipindi hicho.

Na usiwe na haraka ya kumfanya mtoto wa miaka 13 awe mkimbiaji wa mita 100 peke yake. Mkenya Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi, mwezi Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, alikuwa mchezaji wa raga, akaingia mbio fupi akiwa na umri wa karibu miaka 20. Waache wacheze mpira wa kikapu, netiboli na chochote kingine kinachowafanya wageuke, waruke na wasimame ghafla.

Mama wa Tanga

Naandika kama mzazi wa binti anayekimbia mita 400 akiwa bweni. Ninaona mmezungumza kuhusu misuli na mifupa bila kugusa sahani. Wanafunzi wa bweni hula ugali na maharage saa 8 mchana, saa 10 wako kiwanjani, na chakula cha usiku ni ugali na maharage tena. Binti yangu alianza kuchoka sana na kukosa siku zake kwa miezi kadhaa, na pale shuleni akaambiwa kwamba ni dalili ya kuwa mwanariadha wa kweli. Zahanati ilikuta damu imepungua. Ningeomba wataalamu waeleze kama hilo ni jambo la kawaida, na pia kama zile poda za kujenga misuli zinazouzwa mitandaoni zina msaada, maana baba yake alikuwa tayari kununua kopo.

Fizio wa Mwanza

Dada, si jambo la kawaida, na aliyemwambia hivyo amempotosha. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo akikosa hedhi kwa miezi 3 mfululizo apelekwe kwa daktari, na baada ya mimba na maradhi mengine kuangaliwa, sababu ya kuchunguza ni kwamba mwili unatumia nguvu nyingi kuliko unazopewa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hilo jina rasmi mwaka 2014, na huwakumba wavulana pia. Mwili ukikosa chakula cha kutosha hukata matumizi, hedhi husimama, mifupa hupungua uimara, na mtoto huvunjika ugoko kwa mazoezi ambayo wenzake wanayamudu. Ujana ndio wakati mifupa inapoweka akiba yake kubwa, kwa hiyo hasara hiyo hailipiki kirahisi.

Mpelekee vitu vinavyokaa bwenini: karanga, dagaa wa kukaanga waliokauka vizuri, tende, unga wa uji. Ale ndizi au kiporo cha kiazi nusu saa kabla ya mazoezi, na asinywe chai pamoja na mlo wa maharage au mboga za majani, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Anywe saa moja baadaye, na mlo auambatanishe na chungwa au embe. Vidonge vya madini ya chuma atumie kwa kipimo cha daktari tu.

Poda msinunue. Fedha za kopo moja zinanunua trei kadhaa za mayai, na bidhaa hizo huweza kuwa na vitu ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Mwanariadha akipimwa na kukutwa navyo, kanuni zinamwajibisha yeye mwenyewe, hata kama kopo alinunuliwa na baba yake.

Mwalimu wa Michezo (Morogoro)

Nawashukuru sana. Ndoo za lita 20 zimekwishafungiwa stoo, na nimekubaliana na mkuu wa shule kwamba wanariadha hawatakimbia mchakamchaka siku za mazoezi ya kasi, jambo ambalo halikuwa jepesi kulipata. Nimepanga Jumatatu na Alhamisi ziwe za kasi pamoja na nguvu kidogo baada yake, Jumanne iwe ya michezo mingine, Jumamosi kilima na madumu, na siku nyingine mapumziko. Mvulana wa nundu amepelekwa hospitali ya wilaya na kuthibitishwa kuwa ni tatizo hilohilo lililotajwa.

Limebaki swali moja. Katika mashindano ya wilaya, mwanafunzi mmoja mwenye kipaji huandikishwa mita 100, 200, 400, kupokezana vijiti na kuruka chini, vyote ndani ya siku mbili na mchujo wake, kwa sababu shule inataka pointi. Nina msichana wa miaka 15 ambaye viongozi wanataka afanye yote matano. Nikikataa nitaonekana ninaihujumu shule.

Kocha wa Nakuru

Ratiba yako ya wiki ni nzuri. Kuhusu msichana huyo, waandikie viongozi hesabu, kwa sababu hesabu hubishaniwa kidogo kuliko maoni. Mchujo, nusu fainali na fainali za mita 100 na 200 ni mbio 6 za kasi ya juu. Ongeza mbili za mita 400, mbili za vijiti, na miruko isiyopungua 3, unapata juhudi kali 13 ndani ya siku mbili, ilhali kwenye mazoezi tunampa dakika 3 za kupumzika baada ya mita 30 tu. Misuli ya nyuma ya paja hukatika katika mazingira ya namna hiyo, mara nyingi katika mbio za mwisho za vijiti, na kijana akikatika hapo timu ya mkoa inampoteza, pamoja na pointi ambazo shule ilikuwa inazitafuta.

Mimi humruhusu mwenye miaka 15 mashindano mawili ya mtu binafsi pamoja na vijiti. Chagua mita 100 na 200, au 200 na kuruka chini, na ukichagua 400 na 200, zisiwe siku moja kama ratiba inaruhusu. Mweke kivulini kati ya mbio na mbio, anywe maji kidogo kidogo, ale ndizi au mkate, na apashe misuli upya kila anapoitwa, hata kama dakika 40 zilizopita alikuwa amekwisha kupasha. Asiposhiriki katika mchujo wa vijiti kwa sababu timu inaweza kupita bila yeye, mpe nafasi hiyo msichana wa kidato cha kwanza anayekaa benchi; naye anahitaji kukimbia mbele ya watu.

Barua hiyo kwa viongozi iandike kabla majina hayajapelekwa wilayani, kwa maana baada ya hapo hakuna atakayekubali kufuta jina.